Mgeni wa Kisumu na mlango wa kutokea

Tarehe 23 Julai 2024, raia 36 wa Uganda walikamatwa mjini Kisumu. Walikuwa wanachama wa Forum for Democratic Change, FDC, chama cha upinzani cha huko kwao, na wenzao walisema walikuja kwa mafunzo ya uongozi. Hawakupelekwa mbele ya hakimu wa Kisumu. Walivushwa mpaka, na tarehe 29 mwezi huohuo wakasimamishwa kizimbani Nakawa, Kampala, kwa mashtaka ya ugaidi. Wote walikana.

Habari hiyo ilipita kama upepo. Kenya nzima ilikuwa ikitazama maandamano ya vijana, na sisi Pwani tulikuwa na machungu yetu. Miezi minne baadaye, Novemba 16, Kizza Besigye alichukuliwa jijini Nairobi alikokwenda kuhudhuria uzinduzi wa kitabu cha Martha Karua. Hapo ndipo watu waliposhtuka. Lakini aliyekuwa akifuatilia mambo ya Kisumu hakuwa na sababu ya kushtuka. Njia ilikwisha kufunguliwa Julai.

Nataka tuizungumze Kisumu leo kwa sababu kila tunapojadili mipaka katika nchi hii tunajadili kuingia tu. Nani alipe, nani asilipe, fomu ijazwe wapi, mgeni akae siku ngapi. Serikali inapenda mjadala huo, maana unaiweka katika sura ya mwenyeji mkarimu. Kutoka hatukuzungumzi. Namna mgeni anavyotolewa, nani anatia sahihi, mbele ya nani, kwa karatasi gani, hayo tumewaachia watu wa magari yasiyo na namba.

Kwanza niuseme mlango wa kuingilia, kwa haki yake, maana kweli umepanuka. Siku ya Jamhuri ya 2023 Rais William Ruto alitangaza kwamba viza zinaondolewa, na kuanzia Januari 2024 mgeni anajaza kibali cha kielektroniki, hicho wanachokiita eTA, kabla hajasafiri. Ada dola 30, jibu kwa kawaida ndani ya siku tatu. Wenye hoteli wa Diani na Watamu waliguna kwamba hii ni viza iliyobadilishwa jina, nao walikuwa na hoja, kwani zipo nchi za Afrika ambazo raia wake zamani walikuwa wakishuka Moi au Jomo Kenyatta bila kulipa chochote na ghafla wakajikuta wanatakiwa kulipa. Kelele zilisikika. Kufikia Julai 2025 Waafrika karibu wote walikwisha kuondolewa eTA na kuruhusiwa kukaa hadi miezi miwili, isipokuwa raia wa Libya na Somalia, kwa sababu zilizotajwa kuwa za usalama.

Hapo pa Somalia natia mkono kidogo. Somalia ilitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Desemba 2023 na ikawa mwanachama kamili Machi 2024. Kwa hivyo tuna ndugu aliyepewa chumba ndani ya nyumba lakini ufunguo wa mlango wa mbele hana. Familia za Lamu na Mombasa zenye watu Kismayu na Barawa zinalijua jambo hili kuliko mwandishi yeyote wa Nairobi.

Raia wa nchi nyingine za Jumuiya hawahitaji eTA kabisa, na wanaweza kukaa hadi miezi sita. Waganda na Wanyarwanda wanapita hata kwa kitambulisho cha taifa, mpango ulioanza 2014 kati ya nchi tatu. Tanzania haikuingia katika mpango huo, ndiyo maana anayetoka Tanga kuja kumzika shangazi yake Vanga bado anatafuta paspoti au hati ya muda pale Horohoro. Mpango huohuo wa nchi tatu ulizaa viza moja ya watalii ya dola 100 ya kuzunguka Kenya, Uganda na Rwanda kwa siku 90. Na mgeni mwenye eTA ya kuingia mara moja akivuka kwenda nchi ya Jumuiya na kurudi moja kwa moja, kibali chake kikiwa bado hai, halazimiki kuomba kingine. Abiria wa kupita tu, asiyetoka nje ya uwanja wa ndege, hasumbuliwi. Kwenye makaratasi, basi, hatuna cha kuona haya.

Sasa twende ziwani. Uwanja wa ndege wa Kisumu unaitwa wa kimataifa, lakini mgeni wa mbali anayeshuka pale kwa kawaida amekwisha kugongewa muhuri Nairobi au Mombasa na anafika kama abiria wa ndani. Milango halisi ya ukanda ule ni Busia, yapata kilomita 110 kwa barabara ya Maseno na Bumala, na Isebania kwa anayeelekea Tanzania. Busia ni kituo cha pamoja, kilichozinduliwa na Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018. Utaratibu wake ni rahisi na, kusema kweli, ni mzuri. Anayetoka Kenya hasimami upande wa Kenya. Anakwenda moja kwa moja hadi jengo la upande wa Uganda, na ndani ya jengo hilo maafisa wa nchi zote mbili wamekaa karibu. Wa Kenya anakutoa, wa Uganda anakupokea. Kitambulisho, kadi ya homa ya manjano, picha, basi umeondoka.

Mshike kichwani yule afisa wa Kenya anayekutoa. Kazi yake ni kuandika kwamba mtu fulani, tarehe fulani, ameondoka nchini. Nitarudi kwake.

Mlango wa tatu ni maji. Kenya inamiliki takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, Nam Lolwe kwa wenyeji, zilizobaki ni za Uganda na Tanzania. Zamani maji hayo yalikuwa njia kuu ya wasafiri. Reli iliyoanzia kwetu Mombasa ilifika Kisumu, ikiitwa Port Florence wakati huo, Desemba 1901, na kutoka hapo abiria walipanda meli. MV Victoria iliunganishwa palepale Kisumu mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ikawa inazunguka Port Bell, Bukoba na Mwanza. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika 1977, meli zikagawanywa kama vyombo vya mitalaka, Victoria ikaenda Tanzania, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Bandari ya Kisumu imekarabatiwa miaka ya karibuni na meli za mizigo zimerudi, MV Uhuru na mdogo wake MV Uhuru II. Lakini maisha ya abiria wa ziwa yako kwenye boti za Sio Port, Usenge, Mbita na Muhuru Bay, na katika fukwe nyingi kati ya hizo hakuna dirisha la uhamiaji. Mvuvi anafuata sangara, na sangara hajui mpaka. Akienda mbele kidogo anakutana na askari wa upande wa pili, nyavu na injini zinachukuliwa, na ugomvi wa Migingo, kijijiwe ambacho ukikizunguka kwa miguu hujatoka jasho, umekuwa ukitokota tangu miaka ya 2000 kwa sababu hiyohiyo.

Watu wa Shimoni, Vanga na Kizingitini hawahitaji kuelezwa habari hiyo. Nasi tuna maji yaliyopigwa mstari kwa kalamu ya mtu asiyejua kupiga kasia.

Nilipokuwa Kisumu mara ya mwisho nilipita soko la Kibuye siku ya Jumapili, siku ambayo soko hilo linamwagika hadi barabarani. Mama mmoja muuza vitenge, mtu wa Busia ya Uganda, nilimuuliza kama anasumbuliwa njiani. Akacheka. "Kuja si shida, ssebo," aliniambia. "Natoa kitambulisho, napita. Shida ni siku ambayo kwetu watakutaka." Nilimuuliza, mama, wewe ni mwanasiasa? Akasema yeye hana chama ila binamu yake anacho, na kwamba siku hizi anapokuja Kisumu hamwambii anafikia kwa nani.

Maneno ya mama yule yana sheria nyingi ndani yake kuliko anavyojua. Tuzifungue.

Katiba ya Kenya ya 2010 inajua kutofautisha raia na mtu. Kifungu cha 39 kinapozungumzia haki ya kuingia na kukaa Kenya kinasema raia, na raia tu. Lakini haki ya kuondoka kinampa kila mtu. Kifungu cha 49, kinachotaka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, hakisemi raia. Kinasema mtu aliyekamatwa. Cha 47, kuhusu haki ya kutendewa kwa utaratibu na kupewa sababu, kinasema kila mtu. Waliotunga hawakusahau neno. Walilitumia walipolitaka na wakaliacha walipotaka ulinzi umfikie hata mpita njia. Mganda aliyekamatwa Milimani, Kisumu, au Mjerumani aliyekamatwa Malindi, wana saa 24 zilezile alizonazo Mkenya wa Likoni.

Halafu kuna Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Hiyo inaipa serikali uwezo mkubwa wa kumtoa mgeni ambaye kuwepo kwake si halali, na sibishi kwamba kila nchi inauhitaji uwezo huo. Lakini hata hapo amri ya kumwondoa mtu ni ya Waziri, kwa maandishi. Kuna karatasi. Karatasi inaweza kupingwa mahakamani. Na kama mgeni hana kosa la uhamiaji ila anatafutwa kwao kwa jinai, ipo sheria nyingine, ya kukabidhiana washukiwa, na kwa majirani zetu utaratibu wake umerahisishwa sana. Hakimu wa Uganda anatoa hati ya kukamata, hakimu wa Kenya anaiidhinisha, mshukiwa analetwa mbele yake, anasikilizwa, anakabidhiwa. Kisumu ina mahakama za mahakimu, ina Mahakama Kuu, na hata Mahakama ya Rufani ina kituo pale. Gari la polisi halihitaji hata kubadilisha gia.

Ndiyo maana hoja ya usalama hainitoshi. Naijua. Tarehe 11 Julai 2010 mabomu yaliua zaidi ya watu 70 Kampala waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, na sisi tumezika watu wa Mpeketoni. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema magaidi wavuke mipaka wanavyotaka. Lakini aliye na ushahidi wa ugaidi dhidi ya watu 36 anaweza kuupeleka kwa hakimu kabla ya siku kwisha. Asiyetaka kumwona hakimu inabidi atuambie anaogopa hakimu atauliza nini.

Tena yaliyotokea baada ya mabomu yale ya Kampala yanatuhusu sisi moja kwa moja. Wakenya kadhaa, Waislamu, walichukuliwa nyumbani kwao na kuvushwa kwenda Uganda bila ya kupitishwa mahakamani, na Mahakama Kuu mjini Nairobi iliona mwaka huohuo kwamba taratibu za sheria hazikufuatwa. Al-Amin Kimathi wa Muslim Human Rights Forum alikwenda Kampala Septemba 2010 kufuatilia kesi hiyo, msafiri halali mwenye karatasi zake, akakamatwa na kukaa gerezani karibu mwaka mzima, mpaka mashtaka dhidi yake yalipofutwa Septemba 2011. Miaka mitatu kabla yake, 2007, Mohammed Abdul Malik Bajabu alikamatwa hapa Mombasa, akakabidhiwa Wamarekani, akaishia Guantánamo. Alirudishwa Kenya Desemba 2024. Miaka karibu 18, na hakuwahi kusomewa shtaka.

Wengine wataniambia hao walikuwa Wakenya waliotolewa, wale wa Kisumu ni wageni waliorudishwa kwao, mambo mawili tofauti. Kwa sheria ni kweli yana tofauti. Lakini mkono ni mmoja, na ulijifunzia kazi kwetu. Mwaka 2007 tuliambiwa ni wale tu wanaoshukiwa ugaidi. 2010 vivyo hivyo. Oktoba 2024 wakawa wakimbizi wanne wa Kituruki waliochukuliwa Nairobi na kupelekwa Uturuki, watu ambao Kenya yenyewe ilikuwa imewakubali, na Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inakataza kumrudisha mkimbizi mahali anapohofia kudhulumiwa. Novemba akawa Besigye, na siku nne baadaye yuko mbele ya mahakama ya kijeshi Makindye. Nairobi ikasema si kazi yake. Kampala ikasema Nairobi ilikuwa na habari. Kati ya kauli hizo mbili moja si kweli, na hadi leo hakuna aliyesimama Bungeni akaulizwa ni ipi, akajibu ikaeleweka.

Jumuiya yenyewe inasemaje? Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kufanya kazi Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki nne katika kifungu chake cha 7: kuingia bila viza, kutembea, kukaa, na kutoka. Nchi inaweza kuziwekea mipaka kwa sababu za usalama, afya au utaratibu wa umma, lakini ikifanya hivyo inatakiwa kuziarifu nchi wanachama wenzake. Na kuna kesi. Samuel Mukira Mohochi, wakili Mkenya wa haki za binadamu, alitua Entebbe Aprili 2011 pamoja na ujumbe wa wanasheria waliokuwa wakienda kumwona Jaji Mkuu wa Uganda. Wenzake wakapitishwa. Yeye akazuiwa, akarudishwa Nairobi siku ileile kwa karatasi iliyosema ni mhamiaji aliyepigwa marufuku, bila kuambiwa sababu. Akaenda Arusha. Mei 2013 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ikasema Uganda ilivunja mkataba na itifaki. Kwamba kuwa nchi huru hakukupi tena ruhusa ya kumfanyia hivyo raia wa Jumuiya, kumzuia bila sababu na bila kumpa nafasi ya kujieleza.

Hukumu hiyo imehusu kuingia. Lakini kifungu kilichotumika ni hichohicho kinachotaja kukaa na kutoka. Ikiwa huwezi kumzuia mtu mlangoni bila kumwambia kwa nini, utawezaje kumtoa kitandani bila kumwambia kwa nini? Aliyekwisha kupokewa ana haki zaidi, si pungufu. Kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wazee hawakusema mpe pingu.

Na hapa kuna jambo ambalo, kwangu mimi, ndilo kiini cha kesi ya Kisumu. Kwa kawaida msafiri akikamatwa ugenini anakimbilia ubalozi wake. Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa haki ya kutaka ubalozi ujulishwe, na Mombasa tuna konseli za Tanzania na Uganda kwa kazi hiyohiyo. Lakini ikiwa anayekutaka ni serikali yako mwenyewe, ubalozi ni wa nini? Ukiupigia simu umejipeleka. Aliyebaki kati yako na gari ni hakimu wa nchi uliyofikia, basi. Ukimwondoa hakimu huyo hujamwachia mgeni kitu. Ndiyo maana mama wa Kibuye hamwambii binamu yake anakofikia.

Kenya imewahi kulifanya hili vizuri, na ilikuwa Pwani. Januari 2001, baada ya risasi za Pemba na Unguja tarehe 26 na 27, Wazanzibari zaidi ya 2,000 walivuka mkondo kwa majahazi na kushuka Shimoni. Hawakuwa na paspoti wala viza. Serikali yao ilikuwa ikiwataka, na Kenya ya Moi haikuwa Kenya ya kusifiwa kwa haki za binadamu. Hata hivyo hawakupakiwa tena majahazini usiku. Wenyeji waliwapokea, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi likaja, wakaandikishwa, baadhi wakapelekwa Dadaab, wengi wakarudi kwao mambo yalipotulia. Museveni naye, kabla hajawa rais, aliendesha harakati zake dhidi ya Idi Amin akiwa Tanzania, na watu wa harakati zake za baadaye walifichwa Nairobi. Angevushwa usiku mmoja wakati ule, Uganda ingekuwa na historia nyingine. Simwombei mema wala mabaya kwa hilo. Nasema tu kwamba anaijua thamani ya jirani asiyekutoa.

Turudi kwa yule afisa wa Busia. Watu 36 si mtu mmoja wa kupenyezwa kwenye kichochoro. Kama walipitishwa kituoni, kuna daftari au kompyuta yenye majina 36, saa waliyotoka, na afisa aliyewatoa, na nyuma yake lazima kuwe na amri za Waziri zenye majina hayohayo. Kama hawakupitishwa kituoni, basi maafisa wa serikali ya Kenya waliwavusha watu kwa njia ya panya, njia ambayo mvuvi wa Usenge akiipita anafungwa. Mojawapo ni kweli. Wabunge wa kanda ya ziwa hawakuibana serikali kwa swali hilo, na wetu wa Pwani, ambao wana kila sababu ya kuuliza, hawakuibana pia. Si swali gumu. Linajibika kwa kuchapisha kurasa chache.

Swali la pili ni kwa serikali ya kaunti ya Kisumu na wafanyabiashara wake. Mwezi Mei 2022 mji ule ulipokea mkutano wa Africities, maelfu ya wageni kutoka bara zima, na tangu hapo umejinadi kuwa mji wa mikutano. Nawaunga mkono. Lakini anayekodi ukumbi kwa ajili ya Waganda, Wakongo au Warundi sasa anapima jambo ambalo halimo kwenye bei ya ukumbi. Mombasa nayo inaishi kwa wageni, na hoteli zetu zinapokea mikutano ya vyama na mashirika ya nchi jirani kila mwezi. Sidhani ni busara kusubiri litokee Nyali ndipo tuanze kuzungumza.

Kwa wanaopokea wageni na wanaosafiri, nina mambo machache ya kazi. Mgeni wa Jumuiya apite kituoni, hata kama boti ni rahisi na jamaa yuko ng'ambo ya maji. Muhuri au rekodi ya kuingia ndiyo inayomtoa katika kundi la "kuwepo kusiko halali," na bila hiyo wakili anaanza kesi akiwa chini. Abaki na nakala ya karatasi zake kwa mwenyeji, kwenye simu na mkononi. Mwenyeji awe na namba ya wakili wa mji huo, si wa Nairobi. Mtu akichukuliwa, ombi la kutaka aletwe mahakamani linapelekwa Mahakama Kuu siku ileile, na kutoka Kisumu hadi Busia ni mwendo wa kama saa mbili tu kwa gari, kwa hivyo siku ileile maana yake ni saa ileile.

Na anayetaka kuishtaki serikali yoyote ya Jumuiya kule Arusha ajue kwamba mkataba unampa miezi miwili tu tangu tendo lenyewe, au tangu alipopata habari zake. Wale wa Julai 2024 walikuwa gerezani muda huo ukihesabiwa.